Nyumba hii, nyumba hini, nyumba iyi

Mtu wa Kudhaa, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, akifika Ulaya kuomba hifadhi, mara nyingi hati pekee aliyonayo ni ulimi wake. Serikali ya Somalia ilianguka Januari 1991, na waliokimbia baada ya hapo wengi walitoka na nguo walizovaa. Kwa hiyo muombaji huketishwa chumbani, simu huwekwa mbele yake, akaambiwa azungumze. Kwenu mnavua samaki gani? Visiwa jirani vinaitwaje? Harusi mnazifanyaje? Sauti yake hurekodiwa, na mtu aliye nchi nyingine huisikiliza kisha huandika ripoti: huyu ametoka visiwa vya Somalia, au huyu ni Mbajuni wa Kenya, au huyu si Mbajuni kabisa.

Huyu. Nimeliandika mara tatu katika sentensi moja na yawezekana hukuliona. Ndivyo yalivyo maneno ya kuonyeshea, yale ambayo vitabu vya sarufi huyaita vioneshi au viashiria: huyu, hii, hiki, hapa, yule. Msemaji hufikiri kabla ya kutaja jina la samaki au la ugonjwa, lakini ni nadra mtu kufikiri kabla ya kusema "hii". Hutoka lenyewe, kama pumzi. Kwa sababu hiyo mara nyingi hubaki na asili yake hata mtu akikaa ugenini miaka mingi. Na kwa sababu hiyohiyo, asiyelijua vizuri hulisikia akadhani amesikia anwani ya nyumba.

Kudhaa ni kimoja cha visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kusini mwa Kismayo kuelekea mpaka wa Kenya, pamoja na Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Hata majina ya visiwa hivi hayaandikwi kwa namna moja. Kudhaa utaikuta ramani nyingine ikiitwa Kuday. Chula huandikwa Tula, na Chovai huandikwa Tovai. Mji wenyewe mkubwa, Kismayo, Wasomali huuandika Kismaayo, Waitaliano waliuandika Chisimaio, na watu wa pwani wengi wetu tumekua tukisema Kisimayu, tukisimuliwa kwamba asili yake ni kisima na "yuu", yaani juu kwa matamshi ya kaskazini.

Hiyo Tula na Chula si kosa la mchora ramani. Ni sauti ya Kibajuni yenyewe. Pale ambapo Mswahili wa Unguja anasema t katika maneno mengi ya asili, Mbajuni husema ch: tatu kwake ni chachu. Mwana wa Lamu ana t yake ya ncha ya ulimi kwenye meno, na Mbajuni ameivusha hatua moja mbele. Kwa hiyo jina la kisiwa kimoja limeandikwa kwa masikio mawili, na yote mawili yalisikia sawa. Watu wenyewe huitwa pia Watikuu, na lugha yao Kitikuu, kutokana na "nti kuu", nchi kubwa, bara lile lililo mkabala na visiwa. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa herufi na namba mwaka 1948, aliipa Kitikuu namba yake peke yake, G41, na Kiswahili akakipa G42. Wataalamu waliomfuata, wakiwemo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch katika kitabu chao cha mwaka 1993 juu ya Kiswahili na lugha za Kisabaki, wamekiweka Kibajuni miongoni mwa lahaja za kaskazini, pamoja na Kiamu, Kipate, Kisiu na Chimwiini cha Barawa.

Sasa tupite pwani hii tukiwa na sentensi moja tu mkononi: nyumba hii.

Barawa, kaskazini ya Kismayo, utasikia "nuumba iyi". Herufi h haipo. Mtu huyu ni "muunthu uyu", na vitabu hivi ni "zibuuku izi". Shuka mpaka Lamu, utasikia "nyumba hini". Endelea hadi Mombasa, bado ni hini. Mti huu utaambiwa ni "mti hunu". Vuka uende Unguja, ndipo unakutana na ile "hii" iliyoko katika kila kitabu cha shule. Kudhaa iko kati ya iyi ya Barawa na hini ya Lamu, kama ilivyo kati ya miji hiyo miwili kwa bahari.

Mimi ni mtu wa hini. Nilipokuwa darasa la tano niliandika katika insha "nyumba hini ni ya babu yangu", na daftari likarudi na mstari mwekundu chini ya hini. Sikuelewa kosa langu. Babu yangu alisema hini, imamu wetu alisema hini, na tenzi za Lamu na Mombasa tulizosomewa usiku zilijaa hini. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua chanzo cha wino ule. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa, tena Mombasa yenyewe, ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia Afrika Mashariki, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikakisanifu. Sina ugomvi na uamuzi huo; bila hiyo lugha moja ya maandishi, mimi na msomaji wa Mwanza tusingekutana leo kwenye ukurasa huu. Ninachokataa ni ule wino mwekundu. Hini haikuwa kosa. Ilikuwa Kiswahili cha mahali pengine.

Tena ni Kiswahili chenye hoja. Tazama kwa makini: mtu wa Lamu hasemi "hunu" kila mahali. Anasema huyu, hawa, hizi, kama wengine. Ile -nu na -ni huja pale ambapo upatanisho wa ngeli ni irabu tupu, u- au i-. Huu na hii ni irabu iliyovutwa tu, rahisi kupotea katika upepo au katika sauti ya mawimbi, na lugha imeipa mwili. Sasa nenda Nyeri ukamsikilize Mkikuyu. Kitu cha ngeli ya ki- kwake ni "gĩkĩ", lakini nyumba hii ni "nyũmba ĩno". Penye irabu tupu ya ĩ-, ameleta -no. Mganda yeye amelitandaza jambo hilo kila mahali: "omuntu ono", "ekintu kino", "ennyumba eno". Kwa hiyo silabi ile ambayo mwalimu wangu aliipigia mstari ni ya zamani kuliko Kiswahili chenyewe, na inajulikana hadi kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria. Mtoto wa Lamu hakuizua.

Unguja kwenyewe nako mambo si safi kama kitabu kinavyodai. Kitabu kinasema "kitu hiki". Keti barazani Mji Mkongwe nusu saa, utasikia "kitu hichi", kama utakavyoisikia Mombasa. Wengi wa wanaosahihisha hichi katika karatasi za mitihani huisema wenyewe wakifika nyumbani.

Bara limekwenda njia yake. Nairobi, hasa katika mazungumzo ya mitaani, hii imemeza ngeli nyingine: "hii mtu", "hii viti", "hii maneno yako". Lubumbashi na miji mingine ya mashariki ya Kongo, h imedondoka, na hapa imekuwa "apa", huyu imekuwa "uyu", huku "ile" ikitembea mbele ya majina ya kila aina. Watu wa pwani hulicheka jambo hili. Mimi silicheki, kwa kuwa nimeona limetokea kwingine na likazaa kitu cha maana.

Lugha za Kijerumani, ambazo ukoo wake unajumuisha Kiingereza, Kiholanzi, Kidenmaki, Kiswidi na nyinginezo, zilipita hapohapo. Neno lao la zamani la kuonyeshea lilianza kutajwa mbele ya kila jina, mpaka likaacha kuonyesha na likabaki kukumbusha tu. Kutoka kwake Mwingereza alipata "the" na "that", na Mjerumani akapata "der", "die", "das". Waskandinavia walikuwa na neno lao jingine la kuonyeshea, nao wakaligandisha nyuma ya jina: "hus" ni nyumba, "huset" ni ile nyumba tunayoijua. Likishagandishwa, haliwezi tena kunyosha kidole. Mswidi akitaka kuonyesha, imembidi aanze upya na kusema "det här huset", ambayo kwa sikio la pwani ni "hii hapa nyumba" kabisa. Nasi tunalifanya hilo. Tukisema "mtu yule", kidole kipo. Tukisema "yule mtu alikuja tena", kidole hakipo, ni mtu tuliyekwisha kumtaja. Ethel Ashton alilieleza hilo katika sarufi yake ya mwaka 1944. Pengine Lubumbashi imeharakisha tu safari ambayo sote tumo.

Tena sisi tuna utajiri ambao Kiingereza cha kawaida kimeupoteza. Wao wamebakiwa na hatua mbili, "this" na "that". Waskoti ndio bado husema "yon" kwa kilicho mbali. Sisi tuna hii, hiyo na ile, na ile hiyo ya katikati haipimi umbali peke yake. Inasema: kile tulichokwisha kukizungumza, wewe na mimi. Mgeni huweza kujifunza Kiswahili miaka kumi na bado akakosea hiyo na ile, kwa sababu hakuna rula ya kuipima. Inapimwa kwa mazungumzo.

Nimewataja Wajerumani kwa sababu nyingine pia, iliyo karibu zaidi na Kudhaa. Mwaka 1876 Georg Wenker, msomi wa lahaja, alianza kuwapelekea walimu wa shule za vijijini katika eneo la mto Rhine orodha ya sentensi, akiwaomba waziandike kama watu wa kijiji chao wanavyozisema. Baadaye sentensi zilikuwa 40, eneo likapanuka kuwa dola nzima, na majibu yakapita 40,000. Vijiji vya nyumba chache vilikuwamo. Alipochora mistari kwenye ramani, alitarajia mpaka safi kati ya kaskazini na kusini. Hakuupata. Mstari wa "ik" na "ich", yaani mimi, ulipita mahali pake. Mstari wa "maken" na "machen", kutengeneza, ulipita kusini yake. Na mstari wa neno la kuonyeshea, "dat" na "das", ulikwenda mbali zaidi kusini, ukaukata mto Rhine karibu na mji wa Sankt Goar. Mtu wa Cologne anatengeneza kama mtu wa kusini, "machen", lakini anaonyesha kama mtu wa kaskazini, "dat". Mistari ile imefunguka kama upepeo wa ukindu, na wanaisimu wameiita hivyo, upepeo wa Rhine.

Maana yake ni kwamba kila neno lina mpaka wake. Hakuna ukuta ambao upande huu wote wanasema hivi na upande ule wote wanasema vile. Na kama hakuna ukuta kati ya Cologne na Mainz, utaujenga wapi kati ya Kudhaa na Kiunga ya Kenya?

Mpaka uliopo pale ni wa watawala. Hadi mwaka 1925 Jubaland, pamoja na Kismayo na visiwa hivi, ilikuwa chini ya Waingereza kama sehemu ya koloni la Kenya. Mwaka huo waliikabidhi kwa Italia kutimiza ahadi za Vita Kuu vya kwanza. Mstari ulipita katikati ya Wabajuni. Upande mmoja walibaki wa Kudhaa, Chula na Koyama. Upande wa pili wa Kiunga, Ndau na Faza iliyoko kisiwa cha Pate. Lakini pepo za kaskazi na kusi hazikuuliza pasipoti, na majahazi yaliendelea kupita. Watu walioana, walifuata kasa na kamba, walihamia kwa shangazi kiangazi kikiwa kikali. Vita vya shifta vya miaka ya 1960 vilivunja vijiji vya Wabajuni upande wa bara la Kenya. Baada ya 1991 wa upande wa Somalia wakamiminika Mombasa kwenye kambi za wakimbizi. Kila msukosuko uliwachanganya upya.

Siwezi kusema hakuna tofauti. Mbajuni aliyekulia Somalia ana maneno mengi zaidi ya Kisomali, hasa ya serikali, fedha na shule. Wa Kenya amepata ya Kiingereza na ya Kiswahili sanifu. Sikio zuri hulisikia hilo. Lakini sikio zuri hujua pia mipaka yake. Chukua "uyu" isiyo na h. Ukiisikia katika simu utasema ni ya Barawa? Ndivyo wanavyosema Barawa. Ndivyo pia wanavyosema Bukavu na Lubumbashi. Mnyarwanda husema "uyu muntu", na Mkikuyu husema "ũyũ". Ncha mbili za Kiswahili, moja ufukweni mwa Somalia na nyingine kwenye migodi ya Katanga, zimekutana katika neno lilelile bila ya mmoja kujua habari za mwenzake. Neno hilo halimtaji mtu kwao.

Kuna jambo jingine ambalo kila aliyelelewa pwani analijua na ambalo halionekani kwenye kanda. Sisi humfuata mgeni. Mtu wa Lamu akizungumza na mtu wa Dodoma, hini yake huiweka kibindoni na kutoa hii. Ni adabu, unamrahisishia mwenzio. Mbajuni anayezungumza na mkalimani wa Kiswahili sanifu, katika jambo linaloamua kama atarudishwa au atabaki, atatafuta kwa nguvu zote Kiswahili ambacho mkalimani atakielewa. Ch yake ataigeuza t. Ataeleweka vizuri, na kisha ataambiwa kwamba hasemi Kibajuni.

Haya si ya kufikirika. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji la Uingereza lilitoa uamuzi wa kuongoza kesi nyingine ambao hoja yake ilikuwa hasa Wabajuni na uwezo wao wa kusema Kibajuni. Mwaka huohuo kundi la wanaisimu kutoka nchi mbalimbali lilitoa mwongozo likitahadharisha serikali: lugha huonyesha mahali mtu alipolelewa na watu aliochangamana nao, wala haimpi mtu uraia, na kazi hiyo ifanywe na wenye ujuzi wa lugha inayohusika. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya waombaji wawili waliosema wametoka Somalia, ilikubali kwamba ripoti za lugha zinaweza kuwa ushahidi, lakini ikataka zionyeshe msingi wake, na wachambuzi wasivuke utaalamu wao kwenda kuamua kama mtu anasema kweli.

Maneno mazuri. Lakini msingi huo utatoka wapi? Kwa "dat" na "das" kuna majibu 40,000 ya walimu wa vijijini, yaliyohifadhiwa Marburg hadi leo. Kwa Kiswahili, Padri Charles Sacleux alichapisha sarufi ya lahaja zake mwaka 1909, Stigand akaandika kitabu chake juu ya lahaja hizo mwaka 1915, na Nurse akakusanya maneno na maelezo ya Kibajuni kwa miaka mingi. Ni kazi za thamani, za watu wachache. Nijuavyo, Wabajuni wenyewe hawakupata kupelekewa sentensi 40 na mtu yeyote, kisiwa kwa kisiwa, kijiji kwa kijiji, kabla ya vita kuwatawanya. Aliyezaliwa Kudhaa mwaka 1960 leo ana miaka zaidi ya sitini, na huenda anaishi Majengo ya Mombasa, au Lamu, au kwenye ghorofa ya baraza la mji huko Uingereza. Wajukuu zake wanasema hii.

Naamini ni udhalimu kumpima mtu kwa maneno ambayo hakuna aliyejishughulisha kuyaandika. Mwalimu wangu alinikata alama moja kwa hini. Mwingine anakatwa nchi.

Kwa hiyo neno langu ni kwenu mlio na wazee wa Kudhaa, Koyama, Ngumi, Chovai na Chula, popote mlipo, na kwa walimu wa Kismayo, Kiunga na Faza. Msisubiri chuo kikuu. Simu iliyo mfukoni inarekodi. Mketishe bibi yako na mwenzake wa kisiwa kimoja, wazungumze wao kwa wao, wewe unyamaze, maana wakizungumza nawe watakufuata. Kisha muulize machache: nyumba hii mnaiitaje, mti ule je, mtu huyo tuliyemsema je, watu watatu wale je. Andika alizaliwa kisiwa gani, alihama mwaka gani, ameishi wapi. Andika anavyotamka, wala usimsahihishe. Weka nakala mbili, moja kwako na moja kwa jamaa aliye mbali. Anza wiki hii, na mzee aliye mkubwa kuliko wote umtangulize.